Mhamiaji Aliyevushwa Kimagendo Amekamatwa Kenya: Mwongozo Kamili wa Kulinda Haki Zake Kutoka Seli Hadi Kurudi Nyumbani

Lori la vijana wa Ethiopia linaponaswa kati ya Moyale na Nairobi, mambo huenda kwa mtindo uleule. Jumatatu wanafikishwa kortini, mkalimani anaokotwa popote, mashtaka yanasomwa kwa mkupuo, wote wanakubali kosa, na kabla ya saa sita mchana wameshahukumiwa. Baada ya wiki mbili ndipo inagundulika kwamba mmoja ana miaka 15, mwingine alibakwa njiani, na wa tatu aliikimbia serikali yake. Kufikia hapo, kazi ambayo ingechukua saa mbili imegeuka kesi ya miezi.

Mwongozo huu ni wa wasaidizi wa kisheria, wakalimani, wahudumu wa mashirika, viongozi wa dini na jamaa wanaopigiwa simu usiku wa manane. Unahusu Kenya. Tanzania, ambako wengi wa vijana hawa wanapita wakielekea Afrika Kusini, ina sheria zake, kwa hiyo usihamishe vifungu hivi ng'ambo ya Namanga ukadhani vitafanya kazi.

## Vitu vya kuandaa kabla simu haijalia

- Daftari lenye kurasa zilizotiwa namba. Kila mtu apewe ukurasa wake.
- Orodha ya wakalimani wa Kiamhara, Kioromo, Kihadiya, Kikambata, Kiwolaita, Kitigrinya na Kisomali, angalau wawili kwa kila lugha. Mmoja huwa hapatikani.
- Kanuni ya kubadili tarehe za Kiethiopia (imeelezwa kwenye hatua ya 4).
- Nakala zilizochapishwa za ibara za 49, 50, 51 na 53 za Katiba, na kifungu cha 14 cha Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010. Usitegemee simu. Betri huisha, na vituo vingine hukutaka uiache mlangoni.
- Namba za wakili, afisa wa watoto wa kaunti ndogo, Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, Idara ya Huduma za Wakimbizi, UNHCR (shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi), IOM (shirika la kimataifa la uhamiaji), na 116, ambayo ni simu ya bure ya watoto.
- Pakiti za ORS (chumvi na sukari za kuchanganya na maji kwa aliyekaukiwa), maji, biskuti, sodo, sabuni na kandambili.
- Fomu fupi ya ridhaa: nani ataambiwa habari za huyu mtu, na nani asiambiwe.

Onyo kabla ya yote. Kumficha mtu aliye nchini kinyume cha sheria, au kumsafirisha ili akwepe polisi, ni kosa. Usimlaze kwako, usimpeleke "mahali salama" kwa gari lako. Fanya kila kitu mchana, mbele ya afisa, kwa maandishi. Msaidizi akishakamatwa, kundi zima limepoteza mtetezi.

## Hatua ya 1: Pata namba ya OB na uanze kuhesabu saa

Nenda kituoni umwone mkuu wa kituo, OCS. Omba mambo matatu tu: namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), saa waliyokamatwa, na idadi yao kwa jinsia na umri. Ukianza na hotuba ya haki za binadamu utaambiwa urudi kesho.

Saa ndiyo muhimu kuliko yote hapa. Ibara ya 49 inataka mtu afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo na si zaidi ya saa 24 tangu akamatwe. Saa hizo zikiishia nje ya muda wa korti au siku isiyo ya kazi, basi siku ya korti inayofuata. Waliokamatwa Ijumaa jioni watafikishwa Jumatatu. Wikendi hiyo ndiyo nafasi yako ya kufanya hatua ya 2 hadi ya 5.

Ukizuiwa mlangoni, ibara hiyohiyo inampa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili *na watu wengine ambao msaada wao ni wa lazima*. Mkalimani na msaidizi wa kisheria wanaingia humo. Taja ibara kwa sauti ya kawaida, onyesha nakala, kisha nyamaza usubiri.

Andika majina matatu ya kila mtu: lake, la baba, la babu. Waethiopia wengi hawana jina la ukoo. Anayeitwa Tesfaye Lemma si "Bwana Lemma". Lemma ni baba yake. Karani akiyapindua, mtu mmoja atakuwa na jalada polisi kwa jina moja na gerezani kwa jina lingine, na nyumbani wakimtafuta hawampati.

*Umefaulu ikiwa:* unaondoka na namba ya OB, saa ya kukamatwa, orodha ya majina kamili, na jina la afisa anayepeleleza.

## Hatua ya 2: Afya

Watu hawa huenda wamekaa saa nyingi chini ya turubai au ndani ya kontena. Mwezi Machi 2020, Waethiopia 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena la lori mkoani Tete, Msumbiji. Waliobaki hai katika safari za namna hiyo hufika wamekaukiwa na maji, na hawalalamiki kwa sababu wanaogopa.

Wape ORS kidogokidogo. Waliokaa siku kadhaa bila chakula wasishindiliwe ugali na nyama; mwili uliodhoofika kwa njaa unaweza kuharibika vibaya ukilishwa mwingi kwa ghafla. Biskuti mbili na uji mwepesi, kisha waonwe na daktari.

Anayepaswa kwenda hospitali mara moja ni mwenye kuchanganyikiwa, anayepumua kwa shida, ambaye hajakojoa tangu asubuhi, au mwenye mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Mkojo huo unaweza kuonyesha kwamba misuli imeumia na figo ziko hatarini. Mwambie OCS kwa maandishi, uandike saa uliyomwambia.

Kwa aliyebakwa, saa zinakimbia. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Za kuzuia mimba ya dharura ni ndani ya saa 120. Apelekwe hospitali kwanza, fomu ya P3 (fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha) ifuate. Kuna maafisa wanaosema hapati tiba bila P3. Si kweli. Hospitalini kuna fomu ya huduma baada ya kubakwa ambayo daktari huijaza, na nakala yake ni ushahidi.

## Hatua ya 3: Lugha, mahali kesi nyingi zinapofia

Wahamiaji wengi wa njia hii wanatoka kusini mwa Ethiopia, hasa maeneo ya Hadiya na Kambata. Mkalimani anayepatikana kwa urahisi Isiolo au Marsabit ni msemaji wa Kiborana, ambacho ni Kioromo. Kijana wa Kihadiya anaweza asielewe hata robo yake. Kiamhara huenda anakijua cha shuleni, na kama aliacha shule darasa la tatu, cha sokoni tu. Lakini mbele ya askari atatikisa kichwa. Kutikisa kichwa huko ndiko kunakoandikwa "ameelewa".

Jaribu hivi. Usimuulize "unaelewa Kiamhara?" Mwambie mkalimani amweleze jambo fupi, kwa mfano kwamba kesho saa tatu atapelekwa kwa hakimu na anaweza kuomba wakili, kisha mhamiaji alirudie kwa maneno yake. Akirudia yote, lugha inatosha. Akitabasamu na kusema ndiyo, tafuta mkalimani mwingine.

Onyo kubwa. Katika kila kundi hujitokeza mmoja anayejua Kiswahili au Kiingereza na kujitolea kutafsiri. Huenda ni mtu mwema. Huenda pia ni mtu wa dalali, yaani anayepanga safari za magendo, aliyepandishwa lori moja nao ili kulinda mali ya bosi wake. Usimtumie kamwe, hata kwa dakika tano, kwa sababu wenzake hawatasema mbele yake nani aliwafungia wala nani aliwapiga. Mkalimani atokaye mtaani Eastleigh naye muulize kama anamfahamu yeyote kati yao au jamaa zao. Akisita, mshukuru na umwachie.

Ibara ya 50(2)(m) inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo kortini. Kituoni ni juhudi yako.

## Hatua ya 4: Mahojiano ya faragha, mtu mmoja mmoja

Dakika 20 hadi 30 kwa kila mtu zinatosha. Askari anaweza kuona, lakini asisikie. Wanawake wahojiwe na mwanamke, na mkalimani awe mwanamke.

Anza kwa kusema wewe ni nani, kwamba si polisi, na kwamba huwezi kumwahidi kuachiliwa. Ahadi ya uongo hapa itakurudia kortini.

Usianze na "dalali wako ni nani?" Hilo ni swali la mpelelezi, na linamfunga mtu mdomo. Tafuta majibu ya mambo manne.

Je, ni mtoto? Muulize mwaka aliozaliwa, na muulize kwa kalenda ipi. Kalenda ya Ethiopia iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Kanuni: tarehe iliyo kati ya mwaka mpya wao (mnamo 11 Septemba) na mwisho wa Desemba, ongeza 7, kuanzia Januari hadi mwaka mpya wao, ongeza 8. Aliyezaliwa mwezi wa Tir 2001 kwa kalenda yao alizaliwa Januari au Februari 2009 kwa yetu. Karani akiandika 2001 jinsi alivyoisikia, amemwongezea mtoto miaka minane, na mvulana wa miaka 16 analala rumande ya watu wazima akiwa na "miaka 24". Kosa hili halihitaji hila ya mtu yeyote. Linahitaji tu karani mwenye haraka. Hakiki kwa maswali ya kando: alikuwa darasa la ngapi alipoondoka, mdogo wake ana miaka mingapi. (Saa hazikupi shida, kwa kuwa wanazihesabu kama sisi, kuanzia alfajiri.)

Je, anaogopa kurudi? "Ukirudishwa leo, nini kitakupata?" Acha ajibu kwa kirefu. Umaskini peke yake haumfanyi mkimbizi. Kukamatwa kwa siasa, vita katika wilaya yake, kulazimishwa kuingia jeshini bila ukomo kwa Mueritrea, haya yanagusa Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 au ule wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969, ambao unawaingiza pia wanaokimbia machafuko.

Je, ni magendo au ni biashara haramu ya binadamu? Aliyevushwa kimagendo amelipa ili avuke mpaka. Aliyeuzwa amechukuliwa kwa nguvu, hadaa au kutumia udhaifu wake, kwa nia ya kumnyonya. Kwa mtoto, hadaa au nguvu hazihitaji kuthibitishwa. Uliza: nani amelipia safari, deni limebaki kiasi gani, litalipwa kwa kazi gani, simu na kitambulisho viko kwa nani, alifungiwa mahali popote mpaka nyumbani watume pesa? Safari nyingi huanza kama magendo na kubadilika katikati, kwa hiyo jibu la siku ya kwanza ya safari halitoshi. Kufungiwa ili familia ilipe si lazima kuwe biashara ya binadamu kisheria, lakini ni uhalifu aliotendewa yeye, na unapaswa kuandikwa OB.

Je, ameumizwa? Na nani, wapi, lini. Kama aliyeumiza ni afisa, usiliandike hilo katika karatasi unayoiacha kituoni. Mpelekee wakili.

Hakuna picha. Hakuna video ya WhatsApp. Uso wa mtu ukifika mtandaoni, dalali anajua nani amekamatwa na familia ya kuidai ni ipi.

*Umefaulu ikiwa:* kila ukurasa wa daftari una lugha, umri kwa kalenda zote mbili, na ndiyo au hapana kwa mambo manne.

## Hatua ya 5: Fungua mlango unaofaa kabla ya kusomewa mashtaka

*Mtoto.* Pigia afisa wa watoto siku hiyohiyo. Ibara ya 53 inasema kumfunga mtoto ni njia ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi kabisa, na mbali na watu wazima. Umri ukibishaniwa, wakili aiombe korti iamuru uchunguzi wa daktari na mtoto akae kwenye makao ya watoto mpaka jibu litoke. X-ray haitoi tarehe ya kuzaliwa. Inatoa makisio tu, na penye shaka achukuliwe kuwa mtoto.

*Anayeomba hifadhi.* Andika barua fupi kwa Idara ya Huduma za Wakimbizi, nakala kwa OCS na kwa mwendesha mashtaka: jina, uraia, tarehe aliyoingia, na kwamba anaomba hifadhi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inataka ajitokeze ndani ya siku 30 tangu afike, kwa hiyo tarehe ya kuingia iwe sahihi. Gongesha mhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na mhuri ni sawa na barua ambayo haikuandikwa. Ibara ya 31 ya Mkataba wa 1951 inakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali akijitokeza bila kuchelewa, na ya 33 inakataza kumrudisha kwenye hatari.

Onyo. Mtu huyu usimpeleke kwa ubalozi wa nchi yake. Mkataba wa Vienna wa 1963 unamtaka afisa amwarifu mfungwa kwamba *anaweza* kuomba ubalozi uambiwe. Ni haki yake, si wajibu wake. Vituo vingine hupiga simu ubalozini kwa kundi zima ili kumaliza kazi. Waombe kwa maandishi waache majina ya wanaoomba hifadhi.

*Aliyeuzwa.* Kifungu cha 14 cha sheria ya 2010 kinasema mwathiriwa hawajibiki kijinai kwa kuwa nchini kinyume cha sheria. Barua iende kwa mwendesha mashtaka na kwa kitengo cha DCI (idara ya upelelezi wa jinai) kinachoshughulikia usafirishaji haramu wa binadamu.

*Aliyevushwa tu, mtu mzima, asiye na hofu ya kurudi.* Hapa watetezi wengi hujikwaa. Husimama na kusema Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2000 dhidi ya kuvusha wahamiaji kimagendo inakataza kumshtaki. Ibara ya 5 inakataza kumshtaki *kwa sababu ya kuvushwa*. Ibara ya 6 inaiachia nchi nafasi ya kumshtaki kwa makosa mengine ya sheria zake, na kuingia bila kibali ni kosa chini ya kifungu cha 53(1)(j) cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Mwendesha mashtaka anayejua kazi atakumaliza kwa sentensi moja. Omba badala yake aondoe mashtaka chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, na Uhamiaji wamrudishe kwa njia ya kiutawala. Hoja yenye nguvu ni ya gharama: kumlisha mfungwa miezi kadhaa kisha bado kumkatia tiketi. Hoja hiyo husikilizwa kuliko mikataba yote.

## Hatua ya 6: Siku ya kujibu mashtaka

Fika korti ikifunguliwa. Mtafute mwendesha mashtaka kabla hakimu hajaketi, umpe nakala za barua zako zenye mhuri. Kisha karani: mwambie lugha ya kila mshtakiwa na mkalimani ni nani.

Adhabu ya kifungu cha 53 ni faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Basi mhamiaji aelewe kwamba neno "ndiyo" si adabu mbele ya mzee. Ni kukiri kosa.

Utaratibu wa kupokea jibu uliwekwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, 1973, na bado ndio unaofuatwa. Ukiwa umeketi nyuma, weka alama kwenye daftari kwa kila jambo:

1. Mashtaka na vipengele vyote vya kosa yameelezwa kwa lugha anayoielewa.
2. Jibu lake limeandikwa kwa maneno yake mwenyewe.
3. Akikiri, mwendesha mashtaka amesoma maelezo ya tukio, naye ameulizwa kama anayapinga au ana la kuongeza.
4. Akiongeza jambo linaloleta shaka, kwa mfano "nililetwa kwa nguvu" au "nina miaka 16", jibu libadilishwe kuwa hapana.

Hakuna nafasi ya wewe kusimama na kupiga kelele. Mpe wakili karatasi. Kama hakuna wakili, mhamiaji mwenyewe awe amefundishwa jana yake sentensi mbili za kumwambia mkalimani: "Sielewi lugha hii" na "Naomba wakili kabla sijajibu." Mrudishe mpaka azikariri. Ukimfundisha kumi, atasahau zote.

Kundi la watu 20 likisomewa mashtaka kwa pamoja na jibu likaandikwa "wote wanakubali", andika saa, namba ya kesi na jina la mkalimani. Hiyo ndiyo rufaa yako.

*Umefaulu ikiwa:* watoto na waomba hifadhi wametenganishwa na kundi, na kila jibu limeandikwa peke yake.

## Hatua ya 7: Kama wameshafungwa

Rufaa ina siku 14 tangu hukumu. Aliyekiri huruhusiwa kupinga adhabu tu, isipokuwa kukiri kwenyewe kulikuwa na kasoro, na ndiyo maana alama zako za hatua ya 6 zina thamani. Siku zikipita, wakili aombe Mahakama Kuu ipitie jalada kwa mamlaka yake ya marejeo. Omba mwenendo wa kesi uliochapwa siku ileile ya hukumu, kwa kuwa unachelewa.

## Hatua ya 8: Kifungo kimeisha lakini bado yuko ndani

Hukumu huwa na amri ya kurudishwa kwao baada ya kifungo. Kifungo kinaisha, hati ya safari haipo, gari la kwenda Moyale halina mafuta, na mtu anabaki gerezani bila hukumu yoyote.

Andika tarehe ya kutoka ya kila mfungwa, ukikumbuka msamaha wa theluthi ya kifungo kwa mwenye tabia njema. Siku 30 kabla, barua tatu ziende: kwa mkuu wa gereza, kwa Uhamiaji, na kwa IOM. Kwa asiyeogopa serikali yake, ubalozi uombwe hati ya dharura ya kusafiria sasa, si siku ya kutoka. Msaada wa IOM ni wa hiari, kwa hiyo aeleweshwe kwa lugha yake kabla ya kutia dole gumba.

Siku ikipita naye bado ndani, ombi la kumfikisha mahakamani (habeas corpus) liende Mahakama Kuu. Ibara ya 22 inamruhusu mtu mwingine kufungua shauri kwa niaba ya asiyeweza, bila ada, na hata kwa barua ya kawaida. Ambatanisha nakala ya hati ya kifungo yenye tarehe ya kutoka, barua zako tatu zenye mihuri, na ukurasa wa daftari wenye jina lake, la baba yake na la babu yake kama yalivyo kwenye jalada la gereza.